Gari la Mwanafunzi Lilale Wapi?

Saa nne kasorobo asubuhi, Jumanne, mwezi wa pili. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, na trekta la chuo lilikuwa limeshapita, likaizoa na kuirundika kwenye kona ya uwanja wa magari. Lundo lenyewe lilikuwa limemeza nafasi nne. Dada mmoja Mkongomani, mzaliwa wa Uvira, tuliyesoma naye somo la takwimu, alikuwa akiuzunguka uwanja huo kwa mara ya tatu na kigari chake cha bluu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akapitia kwake kumwachia mama yake mtoto, kisha akaendesha dakika arobaini hadi chuoni. Kibali cha kuegesha kilikuwa kimebandikwa kwenye kioo cha mbele, amekilipia mwaka mzima. Mbele yake na nyuma yake magari mengine yalikuwa yakitambaa vilevile. Kila aliyeonekana akitembea kuelekea kwenye safu za magari alifuatwa na gari mbili tatu kwa matumaini kwamba anaondoka, kumbe wengi walikuwa wamefuata kitabu tu kwenye buti. Mwishowe aliliacha gari lake pembeni ya mstari wa njano, akashika mkoba, akakimbia. Tulipotoka darasani karatasi ya faini ilikuwa imebanwa chini ya waipa, imelowa.

"Kaka," aliniambia akiikung'uta maji, "hapa wanauzisha karatasi tu. Nafasi hawana."

Chuo chenyewe sikitaji. Ni kidogo, kipo Iowa, na kwa mambo mengi kilitulea vizuri. Lakini maneno ya yule dada yamekaa nami miaka yote hii, kwa sababu asubuhi hiyohiyo, nyuma ya uwanja wa mpira, kulikuwa na eneo la kuegesha ambalo theluji yake haikuwa na alama hata ya tairi moja. Ni mwendo wa dakika nane kwa miguu kutoka darasani. Ofisi ya chuo ilipoulizwa ilijibu kila mara kwamba nafasi zipo, tena za kutosha. Wanafunzi walisema hazipo. Nilichukua muda kuelewa kwamba pande zote mbili zilikuwa zikisema kweli.

Ofisi ilihesabu mistari yote iliyochorwa kwenye lami ya chuo, ikailinganisha na idadi ya magari, ikaona imebaki. Mwanafunzi alihesabu nafasi zilizo karibu na mlango, saa anayozihitaji. Uhaba wa maegesho katika vyuo vidogo vya Marekani, kwa sehemu kubwa, ni uhaba wa ukaribu kwa saa chache za siku chache. Ukishaliona hilo, swali linabadilika. Si tena kujenga nafasi ngapi mpya. Ni nani apewe zile za karibu, na kwa nini yeye.

Tuanze na hizo saa. Katika vyuo vingi vya Marekani vipindi hurundikana kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mapema zaidi ya hapo wanafunzi hawajiandikishi kwa hiari, na jioni ni michezo na mazoezi. Vipindi virefu huwekwa Jumanne na Alhamisi, vifupi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Pita kwenye eneo lolote la kuegesha siku ya Ijumaa alasiri ukakute lami tupu mpaka mbali. Chuo kinachojenga maegesho mapya ili kila mtu apate nafasi Jumanne saa nne ni kama mtu anayejenga nyumba kwa kuhesabu wageni wa siku ya harusi. Siku zilizobaki atafagia vyumba visivyolalwa.

Na hiyo nyumba si rahisi. Nafasi moja ya gari kwa vipimo vya Kimarekani ni karibu mita 2.7 kwa mita 5.5, lakini gari haliingii kwa kushushwa kutoka juu. Linahitaji njia ya kupitia na sehemu ya kugeuzia, hivyo ukichanganya vyote kila gari moja linakula karibu mita 30 za mraba. Chumba cha wanafunzi wawili katika mabweni mengi hakifiki ukubwa huo. Magari 240 yanajaza eneo sawa na uwanja mzima wa kandanda. Ukikosa ardhi ukaamua kupanda juu, ukajenga ghorofa la kuegesha, gharama ya nafasi moja mara nyingi hupita dola 25,000, na hapo kiwanja hakijahesabiwa. Tufanye hesabu nyepesi. Tugawanye dola 25,000 kwa miaka 30, bila riba, bila taa, bila ukarabati wa saruji inayoliwa na chumvi ya barabarani wakati wa baridi. Tunapata zaidi ya dola 800 kwa mwaka kwa kila nafasi. Tuseme chuo kinauza kibali kwa dola 150. Dola 650 na zaidi zinazobaki zinatoka wapi? Zinatoka kwenye mfuko mkuu, na mfuko mkuu unajazwa na ada. Maana yake mwanafunzi aliyekuja kwa ndege kutoka Kigoma au Kisumu, asiye na hata leseni ya udereva, anachangia mahali pa kulaza gari la mwenzake.

Hoja hii ndiyo aliyoishughulikia maisha yake yote Donald Shoup, profesa wa mipango miji wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki Februari 2025 akiwa na miaka 86. Kitabu chake kikubwa juu ya gharama ya maegesho ya bure kilitoka mwaka 2005, kina kurasa zaidi ya 700, na wapo waliocheka kwamba mtu anawezaje kuandika kurasa zote hizo kuhusu gari lililosimama. Lakini gari hutumia sehemu kubwa mno ya maisha yake likiwa limesimama, na Shoup alionyesha kwamba maegesho ya bure hulipiwa na kila mtu kupitia kodi ya nyumba, bei ya bidhaa na ada, isipokuwa hayalipiwi na dereva kama dereva. Tiba yake ilikuwa bei. Weka bei inayofanya nafasi moja au mbili zibaki wazi kila mtaa, kisha fedha zinazopatikana zirudi palepale zilipokusanywa, watu wazione. Old Pasadena, California, ilifuata njia hiyo tangu 1993. Ikaweka mita za kuegesha na kutumia mapato kutengeneza njia za miguu, taa na usafi, na mji mkongwe uliokuwa umechakaa ukajaa watu tena.

Mimi namwamini Shoup kuhusu gharama. Kuhusu bei ndani ya chuo nina wasiwasi, na nitaueleza. Lakini kwanza turudi nyuma kidogo, maana gari la mwanafunzi halikuingia kampasi kwa baraka za wakubwa.

Mwaka 1927 Chuo Kikuu cha Michigan kiliwapiga marufuku wanafunzi wake kuwa na magari. Mwaka huohuo Princeton nayo ikafanya vivyo hivyo kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wakuu waliogopa ajali, na waliogopa pia kwamba kijana mwenye gari atakuwa mjini kila usiku badala ya maktaba. Kulikuwa na hofu nyingine isiyosemwa sana, nayo ni kwamba gari lingetenganisha wana wa matajiri na wenzao. Wakati huo chuo kilikuwa mahali pa kulala, kula na kusoma papo hapo, na treni ilifika mpaka miji midogo. Baada ya vita kuu ya pili mambo yakageuka. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia wanajeshi waliorudi vitani iliwalipia karo mamilioni yao, na hao hawakuwa vijana wa miaka 18. Walikuwa na wake, watoto na kazi za jioni, na walikuja kwa magari. Treni za abiria zikapungua mji baada ya mji. Barabara kuu zikajengwa, vyuo vya jamii vikaota pembezoni mwa miji, vingi vikiwa havina hata bweni moja, na mwanafunzi wa kwenda na kurudi akawa ndiye mwanafunzi wa kawaida wa Marekani.

Clark Kerr, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha California kuanzia 1958 hadi 1967, aliandika mwaka 1963 kwamba chuo kikuu kinaweza kuelezwa kama kundi la wahadhiri wanaojitegemea, walioshikanishwa pamoja na malalamiko yao kuhusu maegesho. Hadi leo kampasi ya Berkeley ya chuo hicho hutenga nafasi za kuegesha kwa wahadhiri wake waliopata Tuzo ya Nobel, zenye kibao chao maalumu. Hapo unaona kwamba nafasi ya gari chuoni imekuwa cheo. Inagawiwa kwa heshima na kwa ukongwe kabla ya kugawiwa kwa haja, na hilo ndilo kosa ambalo vyuo vidogo vimelirithi bila kulifikiria.

Tazama jinsi wanavyogawa. Utaratibu wa kawaida ni kwamba wahadhiri na wafanyakazi wana eneo lao, wa mwaka wa nne huchagua kwanza, wa tatu wanafuata, wa pili hupata kilichobaki au huingia kwenye bahati nasibu, na wa mwaka wa kwanza wanaambiwa waache gari nyumbani. Kwa chuo ambacho karibu wote wanalala bwenini utaratibu huo una mantiki. Aliyevumilia miaka mitatu amestahili. Lakini siku hizi vyuo vidogo vingi haviishi tena kwa wanafunzi wa bwenini peke yao. Idadi ya vijana inapungua katika majimbo ya kati na ya kaskazini mashariki, ushindani ni mkali, na vyuo hivyo vimefungua milango kwa watu wazima, kwa wazazi, kwa wauguzi wasaidizi wanaotaka kupanda daraja, kwa wakimbizi waliopata makazi kwenye miji ya viwanda vya nyama. Iowa ina Wakongomani wengi wasemao Kiswahili waliofika kwa njia hiyo. Mtu kama huyo akiingia mwaka wa kwanza akiwa na miaka 31, utaratibu unamwona ni mwanafunzi mpya tu, na unampeleka mwisho wa foleni. Wakati huohuo kijana wa mwaka wa nne anayelala hatua mia mbili kutoka darasani ameegesha nje ya bweni lake gari ambalo halijatikisika tangu Jumapili.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha suala zima. Magari haya mawili yanafanana kwa umbo tu. La kijana wa bwenini linasubiri safari ya wikendi. La yule dada ni daraja, maana likikosa mahali pa kusimama hakuna darasa. La kwanza linaweza kulala dakika kumi na tano mbali bila kumpotezea mwenyewe chochote zaidi ya matembezi mara moja kwa wiki. La pili linahitaji ukaribu kila siku, kwa saa tatu au nne, kisha linaondoka na kumwachia mwingine. Nafasi moja ya karibu ikikaliwa na gari la bwenini inahudumia mtu mmoja kwa wiki nzima. Ikiachwa kwa wanaokuja na kuondoka inaweza kuhudumia wawili au watatu kwa siku. Vyuo vingi hupanga kinyume. Maegesho ya bwenini yapo mlangoni pa bweni, na bweni lipo katikati ya kampasi, halafu wanaotoka mbali wanapewa pembezoni. Kuna sababu ya kibiashara. Mzazi anayelipia chumba, chakula na ada anataka kuona gari la mwanawe lilipo salama, na chuo kidogo hakipendi kumuudhi mzazi huyo.

Sasa nirudi kwenye wasiwasi wangu juu ya bei. Ukipandisha bei ya nafasi za karibu mpaka zibaki mbili tatu wazi, kwa hesabu za Shoup umeshinda, maana hakuna tena kuzunguka. Lakini chuo si mtaa wa maduka. Mwenye duka mteja akimkimbia kwa bei hupata mwingine. Chuoni aliyeshindwa bei ni mwanafunzi wako, na saa anayopoteza ni ile uliyomwahidi kumfundisha. Kijana wa bwenini atamwomba baba yake, kibali kitalipwa. Muuguzi msaidizi atachagua eneo la mbali, atatembea kwenye barafu baada ya zamu ya muda wa saa nane, na siku mtoto akiwa na homa hatakuja kabisa. Kwa hiyo nakubali bei, ila iende sambamba na haja. Gari la bwenini lilipe zaidi, kwa sababu ndilo linaloshikilia ardhi usiku na mchana, na lilale mbali. La mwanafunzi wa kwenda na kurudi lilipe kidogo, liegeshwe karibu, kwa saa za mchana. Ikifika saa kumi na moja jioni mistari yote iwe ya wote. Na kila dola inayopatikana itajwe hadharani imekwenda wapi.

Faini ni jambo la kusemwa kwa uchungu zaidi. Yule dada alilimbikiza karatasi tatu katika muhula mmoja. Hakuzipinga, hakuwa na muda wa kwenda ofisini. Mwezi wa nne alipotaka kujiandikisha kwa masomo ya muhula uliofuata alikuta jina lake limefungiwa kwenye mfumo wa msajili. Deni la paking lilikuwa limesimama njiani mwa shahada. Kufungia usajili kwa ajili ya faini ni desturi iliyoenea Marekani na ofisi huipenda kwa sababu inafanya kazi bila kumtuma mtu kudai. Inafanya kazi, lakini inamwuma vibaya zaidi yule aliyeegesha vibaya kwa sababu alikuwa akiwahi darasa. Mwenye nacho hulipa faini kama anayelipa nauli, kesho anarudia palepale. Somo la kemia alilolihitaji dada yetu lilijaa wakati akihangaika na hilo, na likamsogeza mbele muhula mzima.

Wapo watakaosema watu wazima hawafi kwa kutembea dakika nane. Ni kweli, na kwa vijana wengi hoja hiyo inatosha. Nusu ya malalamiko ya maegesho niliyowahi kuyasikia yangekwisha kama wenye afya wangekubali kutembea. Lakini isitumike kumjibu kila mtu. Sheria ya mwaka 1990 inayolinda haki za watu wenye ulemavu nchini Marekani imeweka kiwango: eneo la nafasi 100 liwe na angalau nafasi nne pana zilizotengwa, na karibu na mlango. Ni kiwango cha chini kabisa. Mara nyingi hakimhusu mjamzito wa miezi minane, na wakati wa baridi nafasi hizo ndizo ambazo nimeona zikirundikiwa theluji kwa kuwa zipo pembeni. Halafu kuna usiku. Msichana anayemaliza maabara saa nne usiku akatembea peke yake hadi nyuma ya uwanja wa mpira ana haki ya kuogopa, hata kama kuna nguzo zenye taa ya bluu na simu ya dharura kila baada ya hatua kadhaa. Chuo kinachosogeza magari mbali kisipoweka taa na gari la kuwasindikiza watu usiku kimehamisha tatizo kutoka mchana kwenda gizani.

Kuna chuo kimoja kidogo ambacho jibu lake bado nalipenda. Ripon College ipo Wisconsin, katika mji wa watu wasiofika 8,000, na wakati huo ilikuwa na wanafunzi karibu 1,000. Mwaka 2008, ikikabiliwa na uhaba wa maegesho, iliwaambia wanafunzi wapya hivi: anayeahidi kwa maandishi kutoleta gari mwaka wake wa kwanza tutampa baiskeli mpya ya milimani, helmeti na kufuli, iwe mali yake. Wengi wakakubali. Mwaka huohuo University of New England, iliyopo Maine, ikatoa ahadi kama hiyo, na ikaripotiwa kwamba wanafunzi wapya walioleta magari walishuka kutoka takriban robo tatu hadi robo moja. Pima gharama. Baiskeli nzuri ya wakati ule ilikuwa dola mia chache, ikilinganishwa na maelfu ya dola kwa nafasi moja ya ghorofa.

Baiskeli haitoshi, hilo nalikubali haraka. Januari ya Wisconsin haiendeshwi baiskeli na kila mtu, na baiskeli haikupeleki uwanja wa ndege. Lakini Ripon ilitambua jambo ambalo wajenzi wa lami hawalioni. Iliuliza kwanza kijana anataka gari la nini. Ukimuuliza hivyo, majibu yake ni machache: kwenda dukani, kwenda kazini, kwenda nyumbani siku za mapumziko, na kutojisikia amefungiwa. Kila jibu lina dawa yake iliyo nafuu kuliko mita 30 za lami. Duka la vyakula huwa nje ya mji, kando ya barabara kuu isiyo na njia ya miguu, lakini basi dogo la chuo linaweza kwenda na kurudi jioni tatu kwa wiki. Kwa safari za mapumziko chuo kinaweza kukodi basi mpaka uwanja wa ndege. Magari ya kushirikiana, aina ya Zipcar iliyoanzishwa Cambridge, Massachusetts, mwaka 2000, hukodishwa kwa saa kwenye kampasi hata kwa mwenye miaka 18, umri ambao makampuni mengi ya kawaida ya kukodisha huukataa. Gari mbili za namna hiyo kwenye chuo cha watu 1,000 zinaweza kuwatosha makumi ya watu ambao kila mmoja angeleta lake.

Vyuo vikubwa vya mijini vilikwenda mbali zaidi kwa sababu vina mabasi ya jiji mlangoni. Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kilianza mwaka 1991 kuwapa wanafunzi na wafanyakazi pasi moja ya mabasi yote. Kile cha California, Los Angeles, kikafuata mwaka 2000, kitambulisho cha chuo kikawa ndiyo nauli. Chuo kidogo kwenye mji wa mashamba hakina basi la jiji la kuingia nalo mkataba. Hata hivyo magharibi ya Massachusetts vyuo vidogo kama Amherst, Smith na Mount Holyoke, pamoja na Chuo Kikuu cha Massachusetts kilicho jirani, vimeunganishwa na mabasi ambayo mwanafunzi hupanda bila kulipa nauli, na mengi kati ya hayo yanaendeshwa na wanafunzi wenyewe waliofundishwa kazi hiyo. Binti anakaa Smith, anasoma kipindi kimoja Amherst, anarudi kula kwake. Gari la nini? Vyuo vilivyo peke yake kwenye nyanda za mahindi haviwezi kuiga yote hayo, ila hata viwili vilivyotengana nusu saa vinaweza kuchangia basi moja.

Na ratiba. Hili la ratiba linanishangaza kwa jinsi lisivyoguswa. Kuhamisha sehemu tu ya vipindi vya saa nne hadi saa tatu au saa tisa kunafungua nafasi nyingi za magari bila kumwaga ndoo moja ya lami. Kikwazo ni wahadhiri, ambao saa nne inawafaa, na wana kura kwenye baraza la chuo ambayo mwanafunzi wa kwenda na kurudi hana. Wakati wa mjadala wa ujenzi wa maegesho mapya chuoni kwetu, nakumbuka watu walisimama kuongelea miti itakayokatwa, maji ya mvua yatakayotiririka kutoka kwenye lami hadi kwenye kijito, na bei. Yote ya maana. Hakuna aliyeinuka kuuliza kwa nini nusu ya chuo lazima iwe darasani kwa wakati mmoja.

Hadi hapa nimezungumzia wenye magari. Ila katika miaka minne ile mimi sikuwa na gari, wala Watanzania wenzangu wawili hawakuwa nalo. Jumamosi tulikuwa tukimngoja yule dada wa Uvira, maana ndiye aliyetupeleka dukani kununua mchele, maharage na unga wa mahindi, tukichangia mafuta. Mwaka wa pili chuo kiliondoa basi la Jumapili ili kubana matumizi. Muhula huohuo wenzetu watatu wa bwenini, wasiopenda hata kuendesha, walinunua magari mitumba. Sitasahau jinsi eneo la karibu lilivyojaa zaidi baada ya hapo, na jinsi ofisi ilivyoandika kwamba mahitaji ya maegesho yanaongezeka. Yaliongezwa na uamuzi wao wenyewe. Gari lililokuwa likimzuia dada yetu kupata nafasi Jumanne saa nne lilinunuliwa kwa sababu hakukuwa na basi Jumapili saa nane.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Chuo kidogo kisiweke lami mpya kabla ya kuhesabu magari yake saa kwa saa kwa wiki mbili, moja isiyo na theluji na moja ya theluji, kikiandika lipi linaondoka na lipi linalala. Magari yanayolala yahamie mbali. Nafasi za karibu zipewe wanaotoka mbali, wenye ulemavu, na wapishi na wafagiaji wanaofika saa kumi na moja alfajiri. Mabasi ya wikendi yawe ya mwisho kukatwa na si ya kwanza. Faini idaiwe kama deni lolote, bila kumfungia mtu masomo.

Dada yetu alimaliza, akachelewa muhula mmoja, leo ni muuguzi aliyesajiliwa. Na wewe mzazi uliye Mwanza, Mombasa au Bukavu, ambaye mwanao amepata nafasi kwenye chuo kidogo huko, usiulize tu ada na joto la chumba. Mwambie aiandikie ofisi ya wanafunzi wa kigeni aulize basi la chuo linakwenda mjini siku gani, linarudi saa ngapi, na Jumapili lipo au halipo. Wakimjibu kwamba wengi huja na magari yao, ajue atakuwa akiomba lifti miaka minne.